Jina Kwenye Lebo: Historia ya Wimbo wa "Blue Yodel" wa Jimmie Rodgers

Miongoni mwa nyimbo zilizoupa mwelekeo muziki wa kantri, yaani ule muziki wa gitaa, fidla na banjo uliokua miongoni mwa wakulima na vibarua wa kusini mwa Marekani, ni chache zenye nafasi kubwa kama "Blue Yodel" wa Jimmie Rodgers, uliorekodiwa tarehe 30 Novemba 1927 na kutolewa na kampuni ya Victor mwanzoni mwa Februari 1928. Kabla ya santuri hiyo, Rodgers alikuwa mfanyakazi wa reli aliyekosa kazi, mwenye mke na mtoto, ambaye kifua kikuu kilikuwa kimemdhoofisha kiasi cha kutoweza tena kupanda na kushuka mabehewa. Mwaka mmoja baada yake alikuwa msanii aliyejaza kumbi za maonyesho katika miji mikubwa ya kusini. Mabadiliko hayo ya ghafla yamesimuliwa mara nyingi kama kisa cha kipaji cha mtu mmoja na bahati yake. Masimulizi ya namna hiyo si ya uongo, lakini yamepungukiwa, kwa kuwa yanamtenga mwimbaji na watu waliomfundisha, na pia na biashara iliyomfikisha kwa wasikilizaji. Wimbo huo ulizaliwa pale ushairi wa vibarua Weusi wa reli ulipokutana na ufundi mpya wa kurekodi sauti kwa umeme, chini ya utaratibu wa hakimiliki uliowalipa wale tu ambao majina yao yaliandikwa kwenye lebo, yaani ile karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya santuri.

Meridian na magenge ya reli

James Charles Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897 katika eneo la Meridian, mashariki mwa jimbo la Mississippi. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo, na baba yake, Aaron Rodgers, alikuwa msimamizi wa genge katika kampuni ya reli ya Mobile and Ohio, kazi iliyomweka mbali na nyumbani kwa muda mrefu, hivyo mtoto akalelewa kwa vipindi na ndugu wa ukoo, na kwa vipindi vingine akafuatana na baba yake kwenye kambi za reli. Meridian ulikuwa mji wa makutano, ambako njia kadhaa za reli zilikatiza kuelekea New Orleans, Mobile, Alabama na kaskazini, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya wakazi wake waliishi kwa kutegemea garimoshi kwa namna moja au nyingine.

Genge lilikuwa kikundi cha vibarua waliopangiwa kipande cha njia ili wakitunze: kubadili mataruma yaliyooza, kushindilia kokoto na kurudisha vyuma kwenye mstari wake kila vilipopindishwa na uzito wa treni. Katika majimbo ya kusini wengi wa vibarua hao walikuwa Wamarekani Weusi, wana na wajukuu wa watu waliokuwa watumwa hadi mwaka 1865. Kazi ya kusogeza reli kwa mitaimbo iliwalazimu watu wote watie nguvu kwa wakati mmoja, na kwa hiyo mmoja wao, aliyeheshimiwa kwa sauti yake na kwa wingi wa maneno aliyoyahifadhi kichwani, aliongoza kwa mishororo mifupi huku wenzake wakiitikia kwa mshindo wa vyuma. Rodgers, ambaye alianza kazi ya reli angali kijana kwa kuwapelekea vibarua maji ya kunywa, aliwasikia watu hao wakati wa kazi na wakati wa mapumziko, na wanahistoria wengi wa muziki wanakubaliana kwamba huko ndiko alikopata sehemu kubwa ya beti, lafudhi na mwendo wa gitaa vilivyomtambulisha baadaye.

Muziki alioupokea hapo ulikuwa bluzi. Katika umbo lake la kawaida, ubeti wa bluzi una mishororo mitatu, ambapo wa kwanza hutaja jambo, wa pili huurudia wa kwanza kwa mkazo zaidi, na wa tatu hujibu au huhitimisha, na katikati ya mishororo gitaa hujaza nafasi kana kwamba linajibizana na mwimbaji. Beti hizo hazikuwa mali ya mtu yeyote. Mwimbaji aliusikia ubeti mmoja Alabama, akaupandikiza kwenye wimbo wake Mississippi, akaubadilisha jina la mji au la mwanamke, na hakuna aliyemwona mwizi, kwa maana wote waliochangia waliruhusiwa pia kuchota. Utaratibu huo wa umiliki wa pamoja ni muhimu kuukumbuka, kwa sababu ndio uliogongana, miaka michache baadaye, na utaratibu tofauti kabisa wa ofisi za biashara ya santuri huko New York.

Alipokua, Rodgers alifanya kazi ya breki kwenye treni za New Orleans and Northeastern. Mtu wa breki alitembea juu na kati ya mabehewa, akayaunganisha na kuyatenganisha, na alisimama nje katika mvua, moshi na baridi kwa saa nyingi, kazi ambayo haikumfaa mtu mwenye mapafu dhaifu. Mwaka 1920 alimwoa Carrie Williamson, binti wa mchungaji wa Meridian. Binti yao wa kwanza, Anita, alizaliwa mwaka uliofuata, na wa pili, June, alifariki akiwa mchanga mnamo Desemba 1923, wakati baba akihangaika kutafuta kazi mbali na nyumbani. Mwaka 1924 madaktari walithibitisha kwamba Rodgers alikuwa na kifua kikuu. Katika miaka hiyo ugonjwa huo haukuwa na dawa ya kuuponya, kwani streptomycin, dawa ya kwanza iliyoweza kuwashinda vijidudu vyake, iligunduliwa mwaka 1943, na wagonjwa walishauriwa kupumzika na kutafuta hewa safi ya milimani, mambo mawili ambayo fukara hakuweza kuyamudu.

Ni ugonjwa huo uliomsukuma kwenye muziki kama njia ya riziki. Alijiunga na misafara ya wauza dawa, ambayo ilivuta wateja kwa nyimbo na vichekesho kabla ya kuwauzia chupa zao, na katika maonyesho hayo alipaka uso rangi nyeusi, kama ilivyokuwa desturi ya waigizaji Weupe wa enzi hiyo waliowaigiza na kuwadhalilisha Weusi mbele ya umati. Ukweli huo haupaswi kufichwa katika historia yake, kwa kuwa unaonyesha jinsi jamii ya kusini ilivyoweza kuupenda muziki wa watu na kuwanyima watu hao heshima kwa pumzi hiyohiyo.

Biashara ya santuri na orodha zake mbili

Wakati Rodgers akihangaika, biashara ya santuri ilikuwa ikipitia mageuzi. Mnamo Agosti 1920 kampuni ya Okeh ilirekodi "Crazy Blues" ya Mamie Smith, na mauzo yake makubwa yakazifunulia kampuni kwamba Wamarekani Weusi walikuwa tayari kununua muziki wao wenyewe kwa wingi. Mnamo Juni 1923 kampuni hiyohiyo ilimrekodi mjini Atlanta mpiga fidla John Carson, ambaye mabwana wa New York walimdharau hadi pale wanunuzi walipoonyesha kwamba watu Weupe wa mashambani nao walitaka kusikia sauti za kwao. Aliyehusika katika shughuli zote hizo mbili alikuwa Ralph Peer, mzaliwa wa Missouri, mtu mwenye sikio zuri zaidi la biashara kuliko la sanaa, ambaye kazi yake iliacha alama kubwa katika kuchora ramani ya muziki wa Marekani.

Kutokana na matukio hayo kampuni zilianzisha orodha mbili za mauzo: moja ya santuri za waimbaji Weusi na nyingine ya santuri za waimbaji Weupe wa mashambani na milimani. Mgawanyo huo ulifuata sheria za ubaguzi zilizotenganisha shule, mabehewa na makaburi, lakini haukuakisi hali halisi ya muziki, kwa maana wapigaji wa rangi zote mbili walikuwa wamekopeshana nyimbo, ala na mbinu kwa vizazi vingi. Banjo yenyewe, ambayo leo huonekana kuwa alama ya Weupe wa milimani, ilitokana na ala za Waafrika waliopelekwa Amerika kama watumwa.

Mambo mawili zaidi yaliandaa njia. La kwanza lilikuwa la kiufundi: kuanzia mwaka 1925 Victor na washindani wake waliacha kurekodi kwa pembe kubwa iliyomlazimu mwimbaji kupaza sauti, wakaanza kutumia maikrofoni na umeme, na kwa hiyo sauti ya upole, ya mtu anayeimba kama anayezungumza na jirani yake, ikaweza kunaswa na kusikika bila kupoteza hisia zake. Mwimbaji mwenye mapafu mabovu hangefika popote katika enzi ya pembe. La pili lilikuwa la kisheria. Peer alipohamia Victor alikubaliana na kampuni kwamba faida yake itatokana na hakimiliki za nyimbo, yaani haki ya kulipwa kila nakala ya wimbo inapouzwa, na kwa sababu hiyo alihitaji nyimbo ambazo hazikuwa na mmiliki na ambazo zingeweza kusajiliwa kuwa mpya. Nyimbo maarufu za zamani hazikumletea chochote. Mwimbaji aliyefaa zaidi, kwa hesabu za Peer, alikuwa yule aliyeweza kuchukua kauli za zamani na kuzifanya zionekane mpya, na hakukuwa na hazina kubwa ya kauli kama hizo kuliko beti za bluzi zilizokuwa zikizunguka bila jina la mtu.

Bristol: jaribio la kwanza

Mwanzoni mwa mwaka 1927 Rodgers alihamia Asheville, mji wa milimani katika jimbo la North Carolina, akitafuta hewa safi na kazi. Mnamo Aprili alianza kusikika katika kituo kipya cha redio cha WWNC, kisha akaungana na vijana wapigaji wa ala za nyuzi kutoka Bristol waliojiita Tenneva Ramblers, na kwa muda wakatumbuiza pamoja chini ya jina lake. Kipindi cha redio hakikudumu, na kikundi kikabaki kikipiga katika hoteli za mapumziko milimani kwa malipo madogo.

Mwezi Julai Peer aliwasili Bristol, mji uliogawanywa na mpaka wa majimbo ya Tennessee na Virginia unaopita katikati ya barabara yake kuu, akiwa na mafundi wawili na mashine za kurekodi, akazifunga katika jengo lililokuwa la kampuni ya kofia. Kwa siku chache za mwanzo watu hawakuwa wengi, hadi gazeti la mji lilipoandika kwamba Ernest Stoneman, mwimbaji wa eneo hilo, alikuwa amelipwa dola 3,600 mwaka uliotangulia kutokana na santuri zake. Kwa wakulima na wachimba makaa ambao wengi wao hawakufikisha hata dola 1,000 kwa mwaka, habari hiyo ilitosha kuwashusha milimani kwa mabasi, farasi na miguu. Kati ya tarehe 25 Julai na 5 Agosti, Peer alirekodi nyimbo 76 za waimbaji na vikundi 19, wakiwemo Carter Family, ambao nao walikuwa hawajawahi kurekodi kabla ya hapo.

Rodgers na wenzake walikubaliwa kurekodi, lakini usiku wa kuamkia siku yao walitofautiana kuhusu jina litakaloandikwa kwenye lebo: lake likiongoza, au la kikundi. Ugomvi huo, ambao juujuu waonekana kuwa wa majivuno tu, ulikuwa wa msingi, kwa sababu jina kwenye lebo ndilo lililoamua nani atalipwa, nani ataitwa tena na nani atakumbukwa. Hawakupatana. Tarehe 4 Agosti wenzake walirekodi kwa jina lao, na Rodgers akabaki peke yake na gitaa, akaimba nyimbo mbili: "The Soldier's Sweetheart", kuhusu msichana aliyefiwa na mchumba wake vitani, na "Sleep, Baby, Sleep", wimbo wa kubembeleza mtoto. Alilipwa dola 100. Santuri hiyo ilitoka mwezi Oktoba na ikauzwa kwa kiasi cha wastani. Ilikuwa kazi safi isiyo na kasoro kubwa, lakini nyimbo za namna hiyo zilikuwa nyingi sokoni, na hakuna kilichomlazimisha mnunuzi kuuliza mwimbaji huyu ni nani.

Camden: jaribio la pili

Wengi wa waliorekodi Bristol walirudi nyumbani kusubiri barua. Rodgers hakusubiri. Mwezi Novemba alisafiri hadi New York, akapanga hotelini ingawa hakuwa na fedha za kutosha, kisha akampigia simu Peer na kumweleza kwamba yupo mjini tayari kurekodi tena. Ujasiri huo ulikuwa wa mtu aliyejua kwamba hana miaka mingi ya kusubiri, na Peer, ambaye alikuwa ameona kitu katika sauti yake tangu Bristol, alimpangia siku katika studio za Victor mjini Camden, ng'ambo ya mto kutoka Philadelphia.

Tarehe 30 Novemba 1927 Rodgers alirekodi nyimbo nne akiwa na gitaa lake peke yake. Wa kwanza ulikuwa "Ben Dewberry's Final Run", kuhusu dereva wa garimoshi aliyekufa kazini. Mwingine ulikuwa wimbo wa huzuni wa karne ya 19 kuhusu heshima ya mama. Mwingine, "Away Out on the Mountain", ulitungwa na Kelly Harrell, na ulifaa kwa sauti yake ya juu. Uliobaki haukuwa na kisa chenye mwanzo na mwisho kama zile nyingine. Ulikuwa mfululizo wa beti za bluzi kuhusu mwanamume aliyeachwa, ambaye mara anajigamba, mara anatishia kulipiza kisasi kwa risasi, mara anadai kwamba atapata mwingine, na kila ubeti ulifungwa kwa mlio wa koo usio na maneno. Kwenye lebo uliitwa "Blue Yodel", ingawa wasikilizaji wengi waliuita "T for Texas" kwa namna ulivyoanza.

Jina hilo la kwenye lebo liliunganisha vitu viwili ambavyo kabla ya hapo vilitoka pande tofauti. Yodeli ni mbinu ya kuimba ambapo sauti hurushwa haraka kutoka kifuani hadi kwenye sauti nyembamba ya juu na kurudi, bila kuficha mpasuko uliopo kati yake. Mbinu hiyo, iliyohusishwa na wachungaji wa milima ya Alps barani Ulaya, iliingia katika majukwaa ya Marekani wakati wa karne ya 19 na ikatumiwa zaidi kwa mbwembwe na kuchekesha. Rodgers hakuwa wa kwanza kuirekodi, kwa sababu Riley Puckett wa Georgia alikuwa ameshafanya hivyo mwaka 1924, na Emmett Miller, mwigizaji wa majukwaani, naye alikuwa ameichanganya na nyimbo za aina ya bluzi. Alichofanya Rodgers kilikuwa kuiondoa katika mbwembwe na kuiweka mahali pa maombolezo. Palipostahili kuja jibu la gitaa mwishoni mwa ubeti wa bluzi, yeye aliweka koo lake mwenyewe, na ule mpasuko wa sauti ukasema jambo ambalo maneno ya majigambo yalikuwa yakilificha, kwamba mwanamume huyu ameumia.

Gitaa lake nalo lilikuwa sahili, lakini halikuwa zembe. Alipiga besi kwa dole gumba na nyuzi za juu kwa kukwangua, akaongeza au akapunguza mapigo kwa kufuata pumzi yake mwenyewe, jambo ambalo lingewasumbua wapigaji wenzake kama wangekuwapo, lakini lililomfaa mtu anayeimba peke yake. Kuvunjika kwa kikundi kule Bristol, ambako kungeweza kuhesabiwa kuwa hasara, ndiko kulikompa uhuru huo.

Mafanikio na gharama yake

"Blue Yodel" ulitolewa upande mmoja wa santuri na "Away Out on the Mountain" upande wa pili. Santuri za Victor ziliuzwa kwa senti 75, bei isiyo ndogo kwa familia ya wakulima wa pamba, na bado zikanunuliwa kwa mamia ya maelfu. Kampuni ilimwita tena haraka: tarehe 14 na 15 Februari 1928 alikuwa Camden akirekodi nyimbo zilizojumuisha "Blue Yodel" ya pili na ya tatu pamoja na "In the Jailhouse Now", na mwishowe mfululizo huo ukafikia nyimbo 13. Mwaka 1929 alionekana katika filamu fupi yenye sauti iliyoitwa "The Singing Brakeman", akiwa amevaa nguo za mtu wa reli, na katika mwaka huohuo alijenga jumba kubwa huko Kerrville, Texas, mji ambao hewa yake kavu ilisifiwa kuwafaa wagonjwa wa kifua.

Mafanikio hayo yalikuwa na sababu zinazoeleweka. Wasikilizaji Weupe wa kusini walikuwa wakizisikia beti za bluzi mashambani, kwenye magenge na mitaani maisha yao yote, lakini mpaka wa ubaguzi uliwazuia kukiri hadharani kwamba nyimbo hizo zilisema na wao pia. Rodgers aliwaletea muziki huo kwa sauti ya mtu wa kwao, akiwa na shida zao za ukosefu wa kazi, maradhi na nauli, na akawapa ruhusa ya kuupenda. Hapo ndipo penye uzito wa kimaadili wa historia hii. Sajili ya hakimiliki ilimtambua Rodgers kama mtunzi, na mirabaha, yaani malipo ya kila nakala, ikagawanywa kati yake na kampuni ya uchapishaji ya Peer, Southern Music, iliyoanzishwa mwaka 1928. Vibarua wa Meridian, ambao miongoni mwao beti nyingi za namna hiyo zilitungwa, hawakuwa na jina kwenye karatasi yoyote. Rodgers hakuubuni utaratibu huo, na mchango wake mwenyewe ulikuwa wa kweli, lakini alinufaika nao, na haki inadai mambo yote mawili yatajwe pamoja.

Tukio la Hollywood la tarehe 16 Julai 1930 linaeleza hali hiyo kwa ufupi kuliko hoja yoyote. Siku hiyo Rodgers alirekodi "Blue Yodel" namba 9 akisindikizwa na Louis Armstrong kwa tarumbeta na Lil Hardin Armstrong kwa piano. Armstrong, ambaye tayari alikuwa miongoni mwa wanamuziki wakubwa kabisa wa jazi, anasikika akijibu kila mshororo wa Rodgers kwa uhuru na heshima, na wote wawili wanafahamiana kama watu waliolelewa na muziki mmoja. Santuri ilipotoka, jina la Armstrong halikuwepo kwenye lebo.

Mwili wa Rodgers, wakati huohuo, ulikuwa ukiisha. Mwaka 1931 alirekodi "T.B. Blues", akiutaja waziwazi ugonjwa ambao familia nyingi ziliuficha kwa aibu, na katika mwaka huo alizunguka na mchekeshaji Will Rogers kuchangisha fedha kwa ajili ya waliokumbwa na ukame na mdororo wa uchumi. Mdororo huo uliibomoa biashara ya santuri, ambayo mauzo yake nchini Marekani yanakadiriwa kushuka kutoka milioni 104 mwaka 1927 hadi milioni 6 mwaka 1932, na gharama za matibabu zikamlazimu Rodgers kuuza jumba lake. Mnamo Mei 1933 alirudi New York kurekodi kwa mara ya mwisho, huku kitanda kikiwekwa karibu na studio ili apumzike baada ya kila wimbo. Alifariki hotelini tarehe 26 Mei 1933, akiwa na umri wa miaka 35, akiwa amerekodi nyimbo takriban 110 katika muda usiofika miaka sita. Mwili wake ulirudishwa Meridian kwa treni.

Njia za santuri: kutoka Mississippi hadi Kapkatet

Athari ya "Blue Yodel" ilienea kwanza miongoni mwa waimbaji wa kantri wenyewe. Gene Autry alianza kazi yake kwa kumwiga Rodgers. Ernest Tubb alikabidhiwa gitaa la marehemu na mjane wake. Bill Monroe alijitambulisha kwenye jukwaa la redio la Grand Ole Opry mwaka 1939 kwa "Mule Skinner Blues", ambao ndio "Blue Yodel" namba 8. Lakini mkopo haukwenda upande mmoja. Howlin' Wolf, mwimbaji Mweusi wa bluzi kutoka Mississippi, alieleza kwamba ule mngurumo uliompa umaarufu ulitokana na kujaribu kuiga yodeli ya Rodgers na kushindwa. Kilichochukuliwa kwa Weusi kilirudi kwa Weusi kikiwa na umbo jipya, na orodha mbili za kampuni hazikuweza kukizuia.

Santuri hizo zilivuka bahari pia. Tangu mwaka 1920 Victor ilikuwa na hisa nyingi katika kampuni ya Uingereza ya Gramophone, ile ya HMV yenye picha ya mbwa anayesikiliza sauti ya bwana wake, na kampuni hizo mbili zilibadilishana muziki. Katika Afrika Mashariki mbwa huyo alijulikana kwa sababu nyingine kubwa zaidi: mwaka uleule wa 1928, Siti binti Saad wa Zanzibar na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi taarabu kwa ajili ya HMV, na mauzo ya santuri zao yakathibitisha kwamba lugha ya Kiswahili ilikuwa na soko lake. Hivyo mtu wa breki wa Meridian na Siti, mwanamke wa kijiji cha Fumba aliyeanza maisha kwa kuuza vyungu, bila kujuana, walipata umaarufu wao katika mwaka mmoja na kupitia biashara moja, kwa kuwa kampuni zilikuwa zimegundua kila mahali kwamba maskini hununua sauti wanayoitambua kuwa yao.

Nchini Kenya nyimbo za Rodgers zilifika kwa gramafoni za Wazungu hadi kwenye nyanda za Wakipsigis. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka kusini, kati na mashariki mwa Afrika akirekodi muziki, alinasa huko Kapkatet nyimbo kadhaa zenye jina la Chemirocha, ambalo ni Jimmie Rodgers kwa matamshi ya Kikipsigis. Maarufu kati yake uliimbwa na wasichana wakisindikizwa na ala ya nyuzi ya jamii ya nyatiti, na kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, Rodgers alikuwa amegeuka katika fikra za waimbaji kuwa kiumbe nusu mtu nusu paa, mchezaji ngoma hodari. Wakipsigis hawakumwiga; walimchukua wakamfanya wao, kwa ala yao na kwa lugha yao, kama yeye alivyochukua bluzi.

Hata hapo swali la lebo lilijitokeza upya. Rekodi za Tracey zilihifadhiwa Afrika Kusini na kusikilizwa na wapenzi wa muziki duniani kote, huku waimbaji wenyewe wakiishi miongo mingi bila kuzisikia. Katika muongo wa 2010 maktaba iliyoanzishwa na Tracey, kwa kushirikiana na wanamuziki na watafiti wa Nairobi, ilirudi Kapkatet na nakala za rekodi hizo, na baadhi ya walioimba mwaka 1950 wakapatikana wakiwa hai, wakasikilizishwa sauti zao za ujana na kutambuliwa kwa majina.

Mwaka 1961 Rodgers alikuwa mmoja wa watu watatu wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri, na vizazi vilivyofuata vimemwita baba wa muziki huo. Anastahili heshima hiyo, ikiwa itaeleweka kwamba baba naye alikuwa na wazazi. Aliutambua uzuri mahali ambapo jamii yake ilimfundisha kuona kazi ya vibarua tu, akauunganisha na mlio wa koo lake mwenyewe, na akathubutu kupiga simu siku ambayo wengine wangekata tamaa; lakini beti alizozibeba zilikuwa zimetungwa na watu wengi, wakiwa wameinama juu ya vyuma vya moto, kwa ujira mdogo na bila sajili. Kilichofanyika Kapkatet kinaonyesha kwamba deni la namna hiyo linaweza kulipwa, japo kwa kuchelewa, pale watafiti wanapokubali kwenda kuwatafuta wenye sauti. Vibarua wa Meridian hawapo tena wa kutafutwa, na kwa sababu hiyo wajibu wa kuwataja umebaki kwa wanaoandika historia.